Kisilu wa Muthoka na Shuka la Watu Wawili

Mzee Jonathan Kisilu Muthoka, ambaye leo Jumamosi tarehe 14 Juni 2025 tumekuja kumsindikiza hapa shambani kwake Lukore, Shimba Hills, alikuwa mkunja mashuka. Nalitanguliza hilo kwa sababu wengine wenu mlimjua kama mzee wa kanisa, wengine kama jirani mwenye ngazi ndefu ya kuazima, na wapo pale nyuma ambao hawakumjua kabisa ila wameliona hema wakakaribia. Karibuni nyote. Kazi yake hasa, iliyomlisha na kumlea, ilikuwa mashuka.

Kwa miaka thelathini na minane na miezi kumi na moja alifanya kazi katika londri ya hoteli moja ya Diani, yaani kile chumba cha nyuma kinamofuliwa kila kitu alichokilalia mgeni. Hoteli hiyo imebadilisha jina mara tatu, kwa hiyo tutaiita hoteli, isije programu ikawa ndefu kuliko ibada. Mjomba wangu huyu alipigania jambo moja pale ndani: watu wa londri wakae pamoja na waipende kazi yao. Na kama wanavyojua wenyewe walioketi pale upande wa kulia na sare zao, Jumatatu hii, keshokutwa, ndipo itakapoamuliwa kama londri itabaki au kazi itapelekwa kwa kampuni ya nje huko Mombasa na watu kumi na wanne warudi majumbani. Marehemu hakuifikia Jumatatu hiyo. Lakini ameacha neno, na nimeagizwa nilifikishe mwishoni. Tuvumiliane.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 upande wa Mwingi, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Muthoka na marehemu Bibi Kavenya. Mwaka 1969 wazazi wake walipata shamba la makazi huku Shimba Hills, wakahama kwa lori. Bibi Kavenya, ambaye maisha yake yote alikuwa ameteka maji kwa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, hakuamini kuna nchi yenye maji ya bure. Akapakia vibuyu sita vilivyojaa, akavikumbatia njia nzima kama watoto mapacha mara tatu. Walifika hapa mvua inanyesha, ikanyesha siku tatu bila kupumua. Bibi alikaa mlangoni na vibuyu vyake akitazama maji yanavyopita bure, na marehemu alisema hapo ndipo alipomsikia mama yake akicheka kwa sauti kwa mara ya kwanza.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Lukore kuanzia 1970 hadi 1976, akafaulu, kisha akasoma sekondari hadi kidato cha pili. Mwaka 1978 baba yake aliugua, na Kisilu akarudi kushika jembe. Shuleni hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Alijulikana kwa pasi. Mwalimu mkuu alikuwa na shati moja jeupe la Jumatatu, na kijana Kisilu ndiye aliyelipiga pasi ya makaa. Jumapili moja jioni kaa lilidondoka likatoboa ukosi. Mwingine angekimbilia msituni kwa tembo. Yeye aliufumua ukosi, akaugeuza ndani nje, akaushona upya kwa uzi wa gunia. Jumatatu mwalimu mkuu alisimama mbele ya shule nzima akasema, "Tazameni shati hili. Huu ndio unadhifu." Marehemu alikaa na siri hiyo miaka arobaini, akaja kuitoa kwenye mazishi ya mwalimu mwenyewe. Kwa hiyo nami nikisema la kusema leo, msishangae. Nimerithi.

Aliajiriwa hotelini tarehe 2 Mei 1984 kama mbeba vikapu vya nguo chafu. Akapanda hadi mashine, kutoka mashine akaenda pasi, na mwaka 1995 akafanywa msimamizi. Na kwa kuwa hatuzikwi na uongo, nitasema: alikuwa msimamizi mbaya. Alikuwa na filimbi. Ukichelewa dakika mbili, filimbi. Ukicheka, filimbi. Bi Mwanarusi wa Bongwe, aliyeanza kazi mwaka huo huo na ambaye yuko nasi leo, ananiambia walimwita Refa, na kwamba siku filimbi ilipopotelea kwenye mashine ya kufulia hakuna aliyejua ilifikaje, ila yeye anajua.

Katika watu wote wa londri, mmoja tu hakupigiwa filimbi. Huyo ni Mzee Chande, mzaliwa wa Jego huku huku pwani, fundi wa pasi. Yeye na marehemu walikuwa wakikunja pamoja tangu 1986. Kwa wasiojua: shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Wanasimama wawili, kila mmoja anashika ncha mbili, wanalivuta likanyooka, wanalikunja kwa urefu, kisha wanatembea kuelekeana hadi mikono inakutana, mmoja anampa mwenzake ncha zake, anainama kushika mkunjo wa chini. Hivyo mara mia kwa siku. Mtu uliyemwendea mara mia kwa siku kwa miaka kumi na moja, huyo si mwenzako wa kazi tu. Chande alijua marehemu amekula nini. Marehemu alijua mke wa Chande amenuna.

Kisha ukaja Agosti wa 1997. Wenye umri wanaujua, na mazishi si mahali pa kuusimulia. Itoshe kusema vurugu zilizuka, na watu wa bara walioishi pwani wakakimbia. Marehemu alikuwa amepanga chumba Ukunda. Alipanda lori na mkewe na watoto na godoro, wakaenda Mwingi, wakakaa wiki kumi. Aliporudi Novemba, hoteli ilikuwa na wageni wachache, na londri ilikuwa na baridi isiyotoka kwenye mitambo. Wa bara walikaa upande wa dirisha, wa pwani upande wa boila la kuchemshia maji. Chande na Kisilu hawakusalimiana.

Hapo ndipo marehemu alipofanya kosa ambalo mwenyewe aliliita kosa la maisha yake. Kwa nia njema kabisa, ili kuepusha maneno, aliigawa londri zamu mbili. Watu wa bara waliingia asubuhi, watu wa pwani mchana. Alidhani ameleta amani. Alichokileta ni timu mbili. Zamu ya asubuhi iliiachia ya mchana taulo mbichi. Ya mchana ikaificha sabuni. Foronya zilitoka na pasi upande mmoja. Kabla ya Agosti walikuwa wakitoa mashuka mia mbili na thelathini kufikia saa sita mchana. Sasa zamu zote mbili zilitoa mia moja na arobaini kutwa, nayo yana mikunjo kama uso wa mtu anayedaiwa salamu. Uongozi wa wakati huo ukasema: ikifika mwezi wa sita hali ni hii, tunafunga.

Alhamisi tarehe 14 Mei 1998, mashine ya kukaushia ikiwa imeharibika, mashuka yote ya hoteli yalikuwa yameanikwa nje kwenye kamba. Saa nane mchana, zamu moja ikitoka na nyingine ikiingia, mvua ikaonekana inakuja upande wa baharini. Bi Mwanarusi akatoka nje, akaangalia juu, akapiga ukelele.

"Nyinyi! Mvua haijui nani wa asubuhi!"

Wakakimbia wote. Hakuna aliyechagua mwenzake. Uliyemkuta kwenye kamba ndiye uliyekunja naye. Marehemu akashika ncha mbili, akainua macho, na upande wa pili wa shuka alikuwa amesimama Chande.

Wakasimama. Miezi tisa hawajasemezana.

"Vuta, Kisilu," akasema Chande. "Au na shuka nalo ni la bara?"

Marehemu akavuta. Wakakunja kwa urefu. Ikabidi watembee kuelekeana, maana shuka halina njia nyingine. Mikono ilipokutana, Chande hakumpa ncha.

"Siku ile lori lenu lilipita Ukunda, nilikuwa nimesimama barazani. Uliniona."

"Nilikuona."

"Ukainamisha kichwa."

"Niliogopa, Chande."

"Uliniogopa mimi? Mimi niliyekubebea mwanao Muthoka alipokuwa na surua?"

"Sikukuogopa wewe. Niliogopa nikikusalimu, usiitike. Ningeondoka nayo hiyo."

Chande akampa ncha, akainama, akashika mkunjo wa chini. "Mpumbavu wewe," akasema. "Nilikuwa nimeshainua mkono."

Haya tunayajua kwa sababu Bi Mwanarusi alikuwa kwenye kamba ya jirani na masikio yake hayajawahi kuwa na mlango. Siku ile waliingiza mashuka mia moja na tisini na manne kabla tone la kwanza halijagusa ardhi. Jumatatu iliyofuata marehemu alizifuta zile zamu mbili, akaandika kwa chaki kwenye mlango wa londri sharia mbili, ambazo ziliandikwa upya kila chaki ilipofutika, kwa miaka ishirini na mitano. Ya kwanza: waliokosana ndio watakaokunja pamoja. Ya pili: kabla ya shuka la kwanza la siku, kila mtu amuulize mwenzake habari moja ya nyumbani, na ajibiwe kweli. Si "njema tu". "Njema tu" haikukubaliwa. Ukisema njema tu unaulizwa tena, na nyuma yenu foleni ya mashuka inangoja.

Watu walicheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili mtu mmoja alilia, kumbe mtoto wake alikuwa hajaenda haja siku nne, na watu watatu wakamletea dawa tatu tofauti. Kufikia Agosti walitoa mia mbili na sitini kabla ya saa sita. Londri haikufungwa. Filimbi haikununuliwa nyingine.

Ndoa. Marehemu alifunga ndoa takatifu na Bi Kanini tarehe 19 Desemba 1987 katika kanisa letu hapa Lukore. Mungu aliwajalia watoto watatu: Muthoka, Mwende na Kavenya. Nilipomuuliza Bi Kanini niandike nini kuhusu ndoa yao, alinitazama, akasema, "Andika kwamba mjomba wako alileta kazi nyumbani." Wakikosana, marehemu hakujua kuomba radhi kwa mdomo. Alifungua kabati, akatoa shuka, akasimama katikati ya chumba ameshika ncha mbili, akangoja. Wakati mwingine alingoja muda mrefu. "Miaka thelathini na saba," anasema Bi Kanini, "tumekunja mashuka yaliyokuwa yameshakunjwa. Nina kabati lililonyooka kuliko la hoteli." Bi Kanini, pole sana. Tunajua kabati hilo sasa litakaa kimya.

Nyumba yake ilikuwa na nafasi kwa wasio wake. Mimi niliishi kwake Ukunda nilipoanza diploma ya usimamizi wa wafanyakazi, kabla mimi na chuo hatujapumzishana. Jioni moja nilimkariria somo: nguzo tano za kuinua ari ya wafanyakazi na kuongeza tija kazini. Alinisikiliza zote tano, kijiko kimesimama kwenye kikombe. Kisha akauliza, "Na mwalimu wenu, akiingia darasani, huwasalimu?" Nikafikiri. Nikasema hapana, huanza na tarehe. Akasema, "Basi hizo nguzo zinangoja paa." Akaendelea na chai yake.

Ugonjwa wa korona ulipofunga hoteli mwaka 2020, watu wa londri walikuwa ishirini na wawili. Ilipofunguka kikamilifu walirudishwa kumi na wanne, kwa mashuka yale yale. Mwaka 2022 akaja meneja mpya kutoka Nairobi, Bwana Samuel, ambaye tunashukuru yuko nasi, shati jeupe, safu ya pili. Bwana Samuel, nimeruhusiwa na marehemu. Ukikasirika kasirika na yeye.

Meneja alikuja na saa ya kupimia na picha. Kila mwezi mfanyakazi bora alipigwa picha, ikatundikwa mlangoni, juu ya ile chaki. Mwezi wa Septemba picha ilikuwa ya Issa, kijana wa pasi, mchapakazi kweli. Asubuhi ya kwanza ya Oktoba Issa akaita mtu wa kukunja naye. Kila mtu akainamia kikapu chake. Akaita tena. Bi Mwanarusi akajibu kutoka kwenye vikapu, "Picha yako si iko mlangoni? Kunja nayo." Wiki nzima Issa alikunja peke yake, ncha mbili amezitundika kwenye msumari. Wanga wa kukazia nguo ukaanza kupotea. Saa ya kupimia ikasema wamerudi nyuma, na wenye hoteli wakatamka yale maneno ya kale: kampuni ya nje.

Marehemu, akibakisha miezi mitano astaafu, akaenda ofisini.

"Shikamoo, Mzee," akasema meneja.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba dakika kumi za mikono yako."

"Mzee, mimi nataka namba. Hizi stori za kuulizana mmelalaje hazikunji shuka. Nimewapima, dakika kumi na moja kila asubuhi zinapotea hivi hivi."

"Hujapima vizuri. Njoo upime kutoka ndani."

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 27 Oktoba 2022. Alimpanga na Bi Mwanarusi. Londri nzima ikapata kazi ya kufanya karibu na meza ya kukunjia. Shuka la kwanza meneja aliliburuza chini, likarudi kufuliwa. La pili likamponyoka. La tatu alilivuta hadi Bi Mwanarusi akasogea hatua mbili.

"Bwana, mbona unavuta kama unaninyang'anya? Shuka halina mshindi. Ukinishinda, limeanguka."

Meneja akalegeza. Akamtazama yeye badala ya shuka. Likanyooka. Wakatembea kuelekeana, na Bi Mwanarusi, sharia ni sharia, akamuuliza habari ya nyumbani.

"Njema tu."

"Hiyo haipiti hapa. Tena."

Watu wanasema meneja alikaa na zile ncha mkononi kama mtu aliyesahau alichotumwa. Kisha akasema, "Nina mtoto wa miezi minne Nairobi. Nimemwona kwenye simu tu."

Bi Mwanarusi akaliweka shuka mezani. "Kesho Ijumaa. Nenda ukambebe. Sisi mashuka hatuyatoroshi."

Alikwenda. Jumatatu alirudi, akaingia londri kabla ya kuingia ofisini, akateremsha picha zote mwenyewe, ya Issa akampa Issa apeleke kwa mama yake. Desemba ile, msimu wa wageni, watu kumi na wanne walitoa mashuka mia nne kabla ya saa sita, jambo ambalo watu ishirini na wawili hawakuwahi kulifanya. Issa alikunja na Bi Mwanarusi. Wamekuwa kama mama na mwana tangu hapo, ikiwemo ile sehemu ya kugombezwa.

Marehemu alistaafu tarehe 31 Machi 2023. Aliacha londri mikononi mwa Mzee Chande kama msimamizi, akaja hapa shambani, akapanda mihogo na michungwa, na akawa anakunja magunia matupu pembe kwa pembe hadi majirani walioazima kwake wakaona haya kumrudishia yaliyokunjwa ovyo.

Mwezi wa Oktoba mwaka jana alianza kuvimba miguu. Iligundulika ni figo. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi kulemewa. Tangu Machi mwaka huu alilazwa hospitalini Msambweni mara tatu. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa waliostahimili kufundishwa jinsi ya kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake. Kila Jumapili watu wa londri walikuja wawili wawili, na swali lake lilikuwa moja kabla hata ya matunda kuwekwa mezani: "Nani anakunja na nani?"

Jumapili ya tarehe 18 Mei alikuja Bi Mwanarusi. Nilikuwepo, nimeketi upande wa miguuni.

"Nani anakunja na nani?"

Bi Mwanarusi akaanza kumenya chungwa. Hakujibu. Mtu anayejua Bi Mwanarusi anajua hiyo ni habari mbaya tosha.

"Sema, dada yangu."

Akasema. Wenye hoteli wameandika barua tena, na safari hii wamemtaka Bwana Samuel alete ripoti: londri ibaki au iende Mombasa. Chande alipoisikia barua, alisimama kwenye chumba cha chai mbele ya wote, akamwambia meneja, "Ulikuja na saa ya kutupimia, kumbe ulikuwa unatupimia sanda." Meneja akatoka. Tangu siku ile Chande hapokei salamu yake, na meneja anapitia mlango wa jikoni asikutane naye. Londri imegawanyika, nusu kwa Chande, nusu inangoja. Ripoti inatakiwa tarehe 16 Juni.

"Na Samuel anataka kuandika nini?" akauliza marehemu.

"Nani anajua? Hakuna aliyemuuliza."

Marehemu akafumba macho. Nilidhani amelala. Akasema, "Siku ile ya lori nami sikuuliza. Nilijijibia mwenyewe." Kisha akanitazama mimi. "Una kalamu?"

Nikaandika anayosema. Nilipomaliza akasema, "Na wasifu uandike wewe. Usinisifu sana, watu watasinzia."

Alifariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne na nusu asubuhi, Msambweni, mkewe Kanini akimshika mkono mmoja na binti yake Kavenya akimshika wa pili. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili. Saa nne na nusu ni saa ya chai ya londri. Hajawahi kuchelewa chai.

Siku zile za londri, wacha niseme, zilikuwa siku njema. Nakumbuka nikiwa mdogo nikipelekwa pale wakati wa likizo, joto la pasi, harufu ya sabuni na nguo kavu, redio ya Chande yenye stesheni moja, na watu wazima wakiendeana na kurudi na meupe yale makubwa kama wanacheza ngoma isiyo na mdundo, kila mmoja akimuuliza mwenzake mama ameamkaje. Nilidhani kazi zote ziko hivyo. Nimefanya kazi mahali pawili tangu hapo. Haziko hivyo.

Ameacha mjane, Bi Kanini, watoto Muthoka, Mwende na Kavenya, wakwe wawili, wajukuu watano, mdogo akiwa na jina lake, kaka mmoja na dada wawili, mmoja akiwa mama yangu, wapwa wengi, wengine wenye diploma kamili, na watu kumi na wanne wa londri, ambao aliagiza waandikwe hapa na si chini kwenye "marafiki".

Sasa lile neno.

Mnaliona shuka jeupe lililofunika jeneza. Ni la kitanda kikubwa, limetolewa na hoteli kwa barua, yenye muhuri, msije mkasema tumelitorosha. Jeneza haliwezi kushushwa nalo. Ni lazima liondolewe na likunjwe. Karatasi niliyoandika Msambweni, ambayo Bi Kanini ameikubali, inasema: "Shuka langu likunjwe na Chande na Samuel. Asisimame mtu katikati. Na Samuel aulizwe, ajibu kweli, naye Chande aulizwe. Wakimaliza, apewe Samuel akae nalo hadi Jumatatu."

Ni hayo tu. Hakuagiza nini kiamuliwe. Alisema si kazi ya maiti.

Mzee Chande, wewe simama kichwani pake. Bwana Samuel, karibu mbele, simama miguuni. Shikeni ncha. Sisi wengine tutatazama kaburi na hatutasikiliza, isipokuwa Bi Mwanarusi, ambaye hana namna. Msikimbie, mvua haipo leo. Msivutane. Na mtakapofika kwenye kutembea kuelekeana, Mzee Chande, kumbuka ile siku ya lori: mwenzako pia huenda ameshainua mkono.

Mjomba apumzike kwa amani. Upande wake wa shuka umeshikwa.